Hedifoni za Mzee Zimerudi Sokoni

Juzi, kwenye meza ya redio za mitumba sokoni hapa Morogoro, nilimkuta mama mmoja anapangusa hedifoni kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, bibi," akaniamkia.

"Marahaba," nikaitikia.

Muuzaji alikuwa anacheka. "Mama, mzee kaziuza tena!"

Tangu maduka yajae vitu baada ya ile miaka ya uhaba, mumewe ana redio kubwa, na kila mwaka huziuza hizo hedifoni ili mtaa mzima uisikie. Mke huzifuata, akazinunua tena.

Nikamwambia, "Unajisumbua, mwanangu. Hatazivaa."

"Nani kasema azivae yeye?"

Akazibana masikioni mwake, waya ukaning'inia bila kuchomekwa popote.

"Sasa na aifungulie redio yake mpaka Kinole kule milimani wasikie!" akapiga kelele kama kiziwi.

Nusura nimrudishie shikamoo yake.