Sauti Yangu Imebaki Bondeni

Mpunga ukianza kutoa masuke, mama huhamia shambani, kwenye bonde la Mkongo. Huishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akaamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Zamani tuliamia wawili. Tangu alfajiri tunapiga kelele na kutikisa makopo, na jirani wa dungu la pili anatuitikia. Jioni koo limekauka, ila moyo umetulia. Sijui ni upepo wa bondeni au ni zile kelele zenyewe. Huzuni haikupata pa kukaa.

Sasa nashona nguo Kibiti. Nina umeme, feni, simu kubwa, na chumba ambacho hakuna anayebisha hodi. Malori ya barabara kuu yanapita kutwa, hakuna hata moja linalonihusu. Nikichoka nachungulia simu. Nikiiweka chini nimechoka zaidi. Kila jioni nampigia mama, na kila jioni alikuwa akiuliza, "Unakuja lini, mwanangu?" Nilijifanya nakereka, ila siku nzima nalingoja lile swali.

Msimu huu alilalamika sauti imemkauka. Nikanunua kipaza sauti cha wachuuzi, kile kinachorekodi maneno na kuyarudia kutwa, pamoja na sola yake ndogo. Nikajifungia chumbani nikafoka: "Hooo! Tokeni huko, walafi wakubwa! Mpunga wa mama huo!" Mpangaji wa chumba cha pili akaja kuuliza nagombana na nani. Nigombane na nani, nami nakaa peke yangu! Kesho yake nikampa kile kipaza dereva wa bodaboda aendaye bondeni, akamfikishia mama.

Kikafanya kazi. Ndege walikimbia, na nikipiga simu nilijisikia mwenyewe nyuma ya mama, nafoka bila kupumzika. Mama anacheka, ananieleza jinsi jirani anavyoniitikia kutoka dungu la pili. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Halafu nikagundua kuwa haniulizi tena nakuja lini.

Juzi mchana nikampigia. Nikamwamkia, akaitikia, akasema mpunga umeshavunwa wote na yeye amesharudi nyumbani kijijini. Nyuma yake nikasikia, "Hooo! Tokeni huko!"

"Mama, ndege gani tena hao?"

"Hakuna ndege. Mwache aseme, ananichangamsha."

Niliona wivu, nikaionea wivu sauti yangu mwenyewe. Mwishowe nikasema bila kuulizwa, "Mama, nataka kuja Ijumaa."

"Njoo tu, mwanangu, karibu," akasema, kwa upole ule anaowapa wageni.

Ile sauti ya kipaza nyuma yake ikaanza kukwama na kuzama, maneno yakawa hayasikiki vizuri.

"Hebu nikate simu kwanza," mama akasema. "Mwenzio anaishiwa chaji, nimpeleke juani."