Tanuri la Bukari

Papa Liévin alichoma makala, yaani makaa ya miti, maisha yake yote, mpaka miti ya kandokando ya Lubumbashi ikaisha. Chuo kikuu kikamwajiri atengeneze mbolea kwa majani makavu ya uwanjani na mabaki ya bukari, ule ugali wa huku, kutoka mgahawa wa wanafunzi. Alilundika vyote kwa namna ambayo mikono yake iliijua: akafunika lundo kwa udongo na kuliachia tundu juu, sawasawa na tanuri la makala.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiuma, lundo likafuka. Gauthier, mkuu wa walinzi, akaja mbio na ndoo.

"Papa, unachoma miti ya chuo! Leo kazi yako imekwisha."

"Chef, iko mbolea tu."

"Mbolea inatokaka moshi?"

Akamwaga maji, mvuke ukazidi. Wanafunzi wawili wakatokea na magunia, wakiuliza bei ya makala. Liévin, kwa hofu ya kufukuzwa, akapasua udongo kwa koleo. Harufu ikawarudisha wote nyuma, na wenye magunia wakatoweka. Gauthier akaziba pua, akatia mkono, akatoa tonge.

"Iko bukari," akasema. "Tena ya moto!"

"Nilikuambia."

"Basi bakia na kazi yako, papa. Makala hainukake hivi."

Lakini Liévin hakufurahi. Aliendelea kuchakura ule uozo kwa koleo, uso umemshuka.

"Hata kakipande kamoja ka makala apana?" akanung'unika. "Bachomaji benzangu bakisikia, batanicheka."