Protini ya Mukuba

Hasira yangu na kizuizi cha njia ya Kakanda haijapoa, na sitaki ipoe.

Asubuhi ile nilikuwa nakwenda Likasi kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo. Niliandika juu ya mlango wa sukari kwenye utando, ile ngozi nyembamba ya bakteria. Mlango huo ni protini moja, uzi mrefu uliojikunja mizunguko kumi na miwili, sita huku na sita huku. Hufunguka nje, sukari ikaingia katikati. Ikishashikwa, nje hujifunga ndipo ndani hufunguka. Pande mbili hazifunguki kwa pamoja hata siku moja. Mchoro wa ubaoni hauwezi kuonyesha hayo. Kwa hiyo baba yangu, fundi wa kufunga mota, alitoa waya mnene wa shaba kwenye mota iliyoungua, tukaukunja pamoja nyumbani Kakanda. Ncha nilizipaka rangi ya kucha, nyekundu. Ukibana juu, chini panafunguka. Baba aliuchezea mpaka chai ikapoa.

Kizuizini, wanaposaka shaba ya wizi, mlinzi alifungua mfuko wangu, akauinua ule waya wa shaba.

"Weye, hii mukuba uliiba wapi?"

"Hapana, papa. Ni protini ya bakteria. Inaingizaka sukari."

"Bakteria iko na mukuba? Unaniona mupumbafu?"

Wenzake wakacheka. Akaketi, akaanza kuukunjua mzunguko mmoja baada ya mwingine, akiunyoosha kwenye goti, mpaka protini yangu ikawa waya mtupu. Bila umbo lile, mlango haupo! Na nyuma yake malori yaliyosheheni shaba yalikuwa yanapita, turubai zimefungwa, hakuna aliyeinua hata pembe. Wanasema sheria ni msumeno. Msumeno gani huu unaoogopa lori?

Nilitetea kwa viganja vyangu, nikivifungua juu, nikivifungua chini. Profesa mmoja akauliza mfano wangu uko wapi. Nikamjibu umekamatwa kizuizini. Wakacheka nao. Nilifaulu, lakini kicheko kile sijakisamehe.

Jioni nilirudi kwa baba. Pale kizuizini, mti unaofunga njia ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa waya wa shaba, ncha yake ina rangi yangu ya kucha. Lori likapiga honi. Mlinzi akaufungua mbio, likapita, wala hakuuliza limebeba nini.