Marehemu Mtia Rangi wa Tarasi

Hapa Tarasi, mji wetu wa Wagiriki, Tearida alitia sufu rangi ya zambarau itokayo kwa konokono wa bahari, na harufu yao ilimtangulia kila alikokwenda. Hata hivyo wale ndugu wa hesabu, wasiokula maharage wala kusema na sisi wengine, walimpokea chamani mwao. Walimfundisha kwamba kila kilichopo kina uwiano wa namba nzima: hiki kwa kile ni kama kile kwa kingine. Kisichopimika hakijulikani, na kisichojulikana hakipo. Tearida alimlisha mwanawe Lakrito maneno hayo pamoja na uji wa shayiri, mpaka kijana naye akapokewa.

Balaa lilianzia kwenye mapipa ya rangi, tulipokuwa kazini pamoja. Tearida alichora mraba ukutani kwa kidole, akaukata kwa mstari wa pembe kwa pembe.

"Mstari huu na ubavu wa mraba havina uwiano," alituambia. "Tumetafuta, tumechoka."

"Kwa hiyo haupo?" nikamuuliza.

"Upo. Si unauona?"

"Basi wakubwa zako wanatwanga maji kwenye kinu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni soko zima lilikuwa na habari.

Kwa ndugu wale, hiyo ni siri. Anayeitoa hawampigi. Wanamchongea jiwe la kaburi angali hai, wanamlilia, kisha hawamwoni tena. La Tearida walilisimamisha kando ya njia ya bandarini, na Lakrito ndiye aliyemwaga divai ya maziko. Makatili wale, na nguo zao nyeupe pe!

Tearida hakujali jiwe. Alitaka mwanawe amwite baba, basi. Kila asubuhi alimngoja njiani, na kila asubuhi Lakrito alimpita kama nguzo. Siku moja mzee akamshika joho.

"Lakrito, nijibu. Hata kwa tusi."

Kijana alimgeukia mwenzake. "Ndugu yangu, kivuli kilivyo kwa mti, ndivyo hiki kinachonishika kilivyo kwa baba yangu. Baba yangu tulishamzika."

Mwenzake akatabasamu. Mimi, niliyekuwa nimefuatana na mzee, niliokota jiwe, na naapa ningempasua kijana yule, lakini Tearida akanizuia mkono. Midomo yake ilikuwa inayarudia yale maneno polepole, ikiyapima.

"Uwiano ameupanga sawasawa," aliniambia. "Hana kosa hata moja."

Akaliachia joho. Machozi yalimtiririka, na, miungu inisamehe, alikuwa anajivunia mwanawe.