Saisi wa Ijumaa Jioni

KISII, Juni 1951 — Ni asubuhi ya Ijumaa na umande bado haujakauka. Joash Ombui anapitisha kiganja mgongoni mwa farasi, polepole, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Anatafuta uvimbe, au hata punje ya mchanga. Kisha anampiga burashi, anainua kwato moja moja na kuchokoa matope, ndipo anaweka tandiko.

"Rudi mapema leo," anamnong'oneza. Farasi anachezesha masikio tu.

Ombui ni saisi, yaani mtunza farasi, wa afisa mmoja wa mifugo hapa mjini. Kwao ni Manga, kwa watu wa ng'ombe. Alipokwenda kuposa, baba mkwe alitaka kujua kama mnyama huyo hukamuliwa. La. Huliwa? La. Hutolewa mahari? La.

"Sasa unamsugua wa nini?" mzee akauliza. Ombui hucheka hadi leo akisimulia, maana binti wa mzee huyo, Bonareri, aliolewa naye hata hivyo.

Siku hizi lakini hacheki sana. Yumo katika darasa la ubatizo la kanisa dogo la Wasabato kijijini kwake, na ubatizo wake umesimamishwa kwa sababu ya burashi.

Sabato huingia Ijumaa jua likizama. Kumlisha mnyama na kumnywesha, kanisa halina neno. Kumsugua, wazee wanasema, ndiyo kazi yake ya mshahara, nayo ingoje Jumapili. Taabu ni kwamba afisa huzunguka vijijini, na Ijumaa nyingine hurudi giza limeshaingia. Ombui alimwomba awahi. Akajibiwa kwamba magonjwa ya ng'ombe hayajui Sabato, na wanaoutaka usaisi ni wengi.

"Jasho na matope vikimkaukia na baridi hii ya milimani, asubuhi utakuta vidonda na kikohozi," anasema. "Nikiahidi kwamba sitamgusa, nitakuwa nimemdanganya Mungu. Na nikimwacha kweli, nitalalaje?"

Mwezi uliopita Mzee Ratemo, mzee wa kanisa hilo, alishuka mjini kujionea mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa. Farasi aliingia giza likianza, akiburura miguu, matope hadi tumboni.

Ombui hakujificha. Alivua tandiko, akauchukua mkono wa mzee na kuuweka pale mgongoni, palipokuwa pakifuka mvuke. Ratemo alimtazama saisi akipapasa gizani, kisha akaitungua taa ya chemli msumarini na kummulikia mpaka akamaliza.

Baraza la kanisa lilipokutana, Ratemo alisimama akayaeleza hayo yote mwenyewe, taa na yote. Sasa naye anangoja hukumu. Baraza linakutana tena keshokutwa, na huenda akavuliwa uzee wake. Tulimwuliza kama anajuta.

"Nilikwenda kumkamata mtu," alijibu. "Nikakuta mtu wa kusaidiwa."

Kinachomuuma Ombui zaidi ni siku ya Meza ya Bwana. Kabla ya kushiriki, waumini huoshana miguu wawili wawili, wanaume kwao na wanawake kwao. Bonareri huinuka na wenzake. Mumewe hubaki nje kwenye benchi pamoja na wasiobatizwa, akisikia maji yakimiminwa ndani. Inatia uchungu, na yeye haoni haya kusema hivyo.

"Sitaki cheo," anasema. "Natumaini tu siku moja ndugu ataniinamia na karai, nami nimwinamie."

Jioni hii jua limezama upande wa Suneka na farasi bado. Mzee Ratemo yupo, ametembea kutoka Manga. Taa ameijaza mafuta na kuiwasha mapema, kabla Sabato haijaingia. Wawili hao wamesimama mlangoni mwa zizi.

Hatimaye kwato zinasikika. Afisa anashuka na kwenda zake. Ombui anavua tandiko, anaweka kiganja mgongoni, anaichukua burashi.

Ratemo anaitundika taa msumarini. Anakunja mikono ya koti lake la kanisani, anachuchumaa kando ya karai la maji, anaushika mguu wa mbele wa farasi na kuanza kuuosha.