Madebe Yaliyolia Sabato

Debe tupu likigongwa ndani ya shimo la mawe hutoa sauti nzito kuliko ngoma, na sauti hiyo hupanda mlima polepole hadi ukaihisi kifuani. Niliizoea nikiwa na miaka tisa, kwetu Tabaka, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka ambao kaka yangu Nyakundi aliamua kuwa mwanamuziki wa roki. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mchonga vinyago vya jiwe la sabuni. Mwalimu Mmarekani aliyefundisha sekondari ya jirani alipoondoka alimwachia sahani tatu za santuri na gazeti lenye historia ya bendi moja ya kwao: jinsi ilivyoanza na vijana wanne wasio na kitu, ikabadilisha mpiga ngoma, ikakataliwa na kampuni za kurekodi, kisha ikajaza viwanja. Nyakundi aliifasiri kwa Kiswahili, kamusi mkononi, akaiandika katika daftari na kuigawa kwa hatua. Chombo cha kuzipigia hatukuwa nacho. Ili kuzisikiliza sahani zake alitembea hadi mjini Kisii, kwenye duka la Bwana Salim, mfanyabiashara aliyenunua vinyago vyetu.

Hatua ya kwanza ilisema kwamba bendi ile ilifanyia mazoezi katika banda la gari, mbali na wazazi. Kijijini kwetu hapakuwa na gari. Nyakundi alitafakari siku kadhaa, kisha akachagua shimo la mawe lililokuwa mteremkoni chini ya kanisa, tena siku ya Jumamosi, kwa kuwa sisi ni Waadventista na siku ya Sabato hakuna aliyechimba. Yeye alipiga gitaa la mbao, rafiki yake Momanyi akapiga madebe. Mzee wa kanisa aliwaonya mara mbili, kisha akalifuta jina la kaka yangu katika orodha ya washiriki. Tangu hapo, kila madebe yalipoanza kulia, mzee aliinua kidole, vijana wakafunga madirisha, nasi tukaimba kwa sauti zaidi.

Hatua ya pili ilikuwa magitaa ya umeme. Bwana Salim alikuwa nalo moja, kuukuu, akakubali kulibadilisha kwa seti ya sataranji ya jiwe jeupe lisilo na doa. Mama alicheka hadi akaweka chini ungo wa wimbi.

“Tata,” akamwita, kama mama wa kwetu amwitavyo mwanawe kwa mapenzi, “hilo gitaa utalichomeka wapi? Kwenye mgomba?”

“Mama, hata Wamarekani walianza bila kitu.”

“Bila kitu, sawa. Si bila umeme.”

Jiwe jeupe lilikuwa ndani kabisa, chini ya udongo ulioning'inia, na mvua za masika zilikuwa hazijaisha. Wachimbaji walikuwa wamekatazana kulifuata hadi ardhi ikauke. Lakini Jumamosi hapakuwa na wa kumkataza mtu. Asubuhi hiyo Nyakundi alitundika gitaa lake ukutani, akachukua mtaimbo, akaniinamia. “Leo hatupigi, Kemunto. Leo tunachimba. Ukimwambia mama, sikuchongei mwanasesere.”

Katikati ya mahubiri nilisikia mngurumo nikadhani ni radi. Punde debe likaanza kulia. “Hao tena!” mzee akasema, akainua kidole. Madirisha yakafungwa. Mama mmoja akasonya. Mimi nilisikiliza, kwa kuwa nilijua walichokwenda kufanya. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Gitaa halikusikika. Nilimvuta mama mkono wa gauni.

“Mama, Nyakundi...”

“Nyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.”

Nikanyamaza. Tuliimba nyimbo mbili ndefu. Kati ya wimbo na wimbo nilihesabu: matatu, kisha mawili, kisha moja lililochelewa sana. Wakati wa sala ya kufunga hapakuwa na kitu. “Leo wamechoka mapema,” mtu akanong'ona nyuma yetu, na wengine wakacheka kwa pua.

Nilisema tulipokuwa njiani kurudi nyumbani. Baba aliangusha Biblia matopeni akakimbia. Wanaume walichimba kwa majembe wakiwa na suti za Sabato, na wa kwanza kuingia shimoni alikuwa mzee wa kanisa. Momanyi alikuwa amepondwa, mwili wake umekwisha kuwa baridi. Kaka yangu alikuwa amefukiwa hadi kifuani, mtaimbo mkononi, debe mbele yake. Hakuwa akipumua. Baba alimshika shingo, akasema, “Ana joto.” Alilirudia neno hilo hadi jioni. Siku ya mazishi mzee alianza kusema, “Asiyesikia la mkuu,” akashindwa kumaliza, akaketi.

Bendi ya Wamarekani haikujua lolote. Nilijifunza Kiingereza kwa gazeti lile lile, nikafuatilia habari zao: walivunjika, wakamzika mmoja wao, wakarudiana, na sasa ni wazee wa mvi ambao bado wanajaza viwanja. Kanisa letu nalo lina gitaa la umeme na vipaza sauti, na vijana hupiga Sabato asubuhi wazazi wakiwatazama kwa fahari. Mimi hufundisha darasa la watoto. Nimewawekea sharti moja tu: mwenye neno asimame alitoe, hata kama mchungaji anahubiri. Wakubwa wamelalamika kwamba naharibu adabu. Mwezi uliopita kitoto cha miaka mitano kilisimama katikati ya mahubiri kikatangaza, “Mimi nataka kukojoa!” Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka. Nilikishika mkono, nikakitoa nje, na tulipofika chooni nikakiambia kwamba kimefanya vizuri sana.