Breki za Kwenda Vuga

Pedali ilizama tena mpaka sakafuni, na Issa Shekilindi akalitukana gari la marehemu baba yake kwa sauti iliyofika barabara ya chini.

"Majirani wanakusikia," alisema Zuhura, mkewe, kutoka kwenye kiti cha dereva.

"Waache wasikie! Piga tena!"

Zuhura akapiga pampu kwa mguu. Issa, chali chini ya gari, akapiga kelele "Shikilia!", akalegeza skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu, upepo kidogo ukatoka na mafuta ya breki, akakaza. Walizunguka magurudumu yote namna hiyo, kama walivyofanya juzi na jana. Mwisho wa yote pedali ilikuwa ileile, ukiikanyaga ni kama umekanyaga parachichi lililoiva.

Maisha yake yote Issa aliendesha malori ya mbao. Alipostaafu aliitoa Pijo 404 ya baba yake bandani, walimokuwa wanalala kuku, akaifufua injini, viti na rangi, mpaka watu wa Lushoto wakawa wanasimama kuitazama. Breki tu ndizo zilizomtoa jasho. Alibadilisha mipira ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, akabadilisha mabomba, hakuna palipovuja, na bado. Na kutoka kwake mpaka Soni, njia ya kwenda Vuga, ni mteremko na kona, kona na bonde. Huko hakuna dereva mwenye akili anayebahatisha breki.

Angekuwa anatengeneza kwa raha zake, sawa. Lakini mama yake, Bi Saumu, alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Bi Shamsa, kule Vuga, na Bi Shamsa alikuwa anapotewa na kumbukumbu. Siku nyingine anatambua watu, siku nyingine hatambui, na siku za kutambua zilikuwa zinapungua. Bi Saumu alitaka amuone dada yake wakati bado anamjua. Issa akaapa: mama ataenda kwa gari la mumewe, hatabanwa kwenye basi dogo na matenga ya nyanya. Jirani alipojitolea gari lake, Issa alikataa, tena akanuna. Ukweli ni kwamba hakuwa anamfikiria mama peke yake. Alitaka Vuga nzima imuone akimfungulia mlango.

Basi kila asubuhi Bi Saumu alivaa akakaa barazani. "Leo je?" "Kesho, mama." Wiki zikapita kwa kesho hiyohiyo.

Siku hiyo Issa alikwenda moja kwa moja kwenye gari bila kupita barazani, na walikuwa bado wanahangaika lori la kabichi lilipokuja kupiga honi nyuma yao. Pijo ilikuwa imeziba njia, nalo lori halikuwa na muda wa kusubiri ufundi wa mtu. Wapakiaji wakashuka, wakaisukuma na kuigeuza, wakaiacha imeinamisha pua bondeni, mawe yakiwa mbele ya matairi. Issa alifura kwa hasira. Gari lisilo na breki milimani huegeshwa pua juu na mawe nyuma, ndivyo alivyofunzwa alipokuwa utingo, na tangu aanze kuitengeneza, Pijo ilikuwa haijawahi kutazama chini hata siku moja.

"Piga hiyo pedali!" alifoka, kwa hasira tu, hakuwa na tumaini lolote.

Zuhura akapiga. Boneti lilikuwa wazi, na ndani ya kikopo cha mafuta ya breki yakaibuka mapovu, moja, jingine, kisha mfululizo. Issa akainama kutazama, akaelewa. Upepo ulikuwa umejibana kwenye ncha ya mbele ya masta silinda, na pua ikiwa juu ncha hiyo ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, na tundu la kwenda kikoponi liko nyuma yake, hivyo haukuwa na pa kutokea.

"Imekaza," Zuhura alisema. "Mguu haushuki tena."

"Wiki zote hizi! Kumbe ningeligeuza tu!" Akalipiga teke tairi, kisha akaita kuelekea nyumbani, "Mama! Njoo, tunaondoka!"

Zuhura hakushuka garini. "Mama hayupo. Ameondoka alfajiri na pikipiki ya Jafari wa bodaboda. Alisema nisikwambie mpaka umalize."

"Pikipiki? Na magoti yale?"

"Na magoti yale."

Issa aliendesha peke yake. Breki zilishika kila kona, zilishika vizuri mno, na hilo likazidi kumuudhi.

Vuga alimkuta mama yake amekaa kitandani kwa dada yake, wameshikana mikono.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?" Bi Shamsa aliuliza kwa adabu.

Bi Saumu hakumtazama mwanawe. "Asubuhi alinijua. Aliniita jina langu la utotoni, tukacheka, tukalia. Adhuhuri akaanza kuniuliza mimi ni nani."

"Gari liko nje, mama. Breki zimekaa sawa."

"Vizuri, mwanangu. Ningekusubiri, nisingemkuta."

Issa akakaa sakafuni, funguo mkononi, na Bi Shamsa akamuuliza tena yeye ni mtoto wa nani.